Maharage Kasulu: mbegu zimepakwa bakteria wa kuzuia ukungu, mizizi imeoza vilevile. Kosa liko wapi?

#1 Ruchugi_Juu

Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kulisoma shamba hili.

Liko Kasulu, mteremko mdogo, udongo mwekundu wa mfinyanzi. Maharage ya njano, yamepandwa wiki ya kwanza ya Machi, sentimita 50 kwa 20, mbegu mbili kila shimo. Nusu ya mbegu ilipakwa unga wa bakteria aitwaye Bacillus subtilis, gramu 10 kwa kilo ya mbegu, gundi ni maji ya sukari. Nusu nyingine haikupakwa kitu. Pakiti inadai chembe hai bilioni 1 kwa gramu. Mbolea ya DAP ilitangulia shimoni. Wiki ya pili kulionekana madoa ya majani, shamba zima likapigwa dawa ya kopa (shaba).

Sasa ni wiki ya nne. Majani ya chini ni njano, miche imedumaa, ukiung'oa mmoja mzizi mkuu umekuwa kahawia na vimizizi vyote vimekwisha. Upande uliopakwa na usiopakwa ni mapacha.

Kinachochanganya zaidi: mistari mitatu ya juu kabisa, palipokuwa pakimwagwa majivu ya jikoni kiangazi chote, imesimama kijani. Iliyopakwa na isiyopakwa, yote.

Bakteria hawa ni dawa au ni usanii?

#2 Mgebuka

Unawaweka bakteria shambani, wiki ya pili unawapiga kopa, ya nne unauliza walikoenda. Mkuu, jisalimishe kituoni.

#3 Hadubini

Mgebuka ametania lakini hajapotea njia. Kopa haibagui, inaua kuvu na bakteria pia. Ila tumtendee haki mleta mada: kopa ilipigwa majanini, na mfinyanzi huishika kopa juujuu, kwa hiyo inayofika mzizini ni kidogo. Spora ya Bacillus, yaani bakteria aliyejifungia kungoja hali nzuri, ikiwa imelala ina ganda ambalo kopa hailipenyi kirahisi. Iliyokwisha kuota ndiyo hufa. Kopa naiweka ya tatu au ya nne kwenye foleni ya washukiwa.

Swali la kwanza ni ugonjwa gani. Kuoza mizizi si ugonjwa mmoja. Chimbua miche kwa jembe, usivute kwa mkono, maana mzizi uliooza hukatikia chini ukabaki na shina unalolipiga picha bure. Osha, kisha tazama. Mistari myekundu inayokwenda kwa urefu wa mzizi mkuu, baadaye ikawa kahawia na mipasuko: fuzari. Kidonda kilichobonyea chenye ukingo na rangi ya kutu karibu na usawa wa udongo: Rhizoctonia. Mzizi laini, una majimaji, ukiuminya ngozi inavuka na kuacha uzi wa katikati: Pythium. Utando mweupe shingoni mwa mche na vipunje vya kahawia mfano wa ulezi: Sclerotium.

Tofauti hii si ya darasani. Pythium si kuvu halisi, na ukuta wa seli yake umejengwa zaidi kwa selulosi kuliko kitini, kijenzi cha ukuta wa kuvu halisi. Bacillus ana vimeng'enya vya kukata kitini. Kwa Pythium hicho ni kisu butu. Ana silaha nyingine, kemikali za jamii ya sabuni ziitwazo iturini, fenjisini na sarfaktini, ambazo hutoboa utando wa seli. Lakini Machi yenye mvua nyingi, udongo umeloa na umepoa, Pythium hukimbia kuliko yeyote.

#4 DukaLaPembejeo

Kabla hatujafika mbali: pakiti ina namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu? Ina tarehe ya kutengenezwa? Ilihifadhiwa wapi? Duka la bati saa nane mchana ni tanuri. Spora za Bacillus zikiwa kavu zinavumilia mwaka na zaidi. Pseudomonas, bakteria mwingine wa kukinga mizizi, hana spora; unga wake ukikaa nje ya friji ni miezi michache tu, baada ya hapo umebaki na talki ya kujipaka.

Na majina yanachanganywa sana. Mteja anaomba bakteria, anapewa Trichoderma. Trichoderma ni kuvu. Inafanya kazi nzuri, ila ukiichanganya na dawa ya ukungu kwenye bomba moja umeiua mwenyewe.

La mwisho: mbegu ilikuwa na rangi? Nyekundu, kijani au buluu maana yake imekwisha kupakwa dawa, mara nyingi thiramu. Hapo huenda umemlaza mgeni kwenye kitanda chenye sumu.

#5 Ruchugi_Juu

Mbegu ni ya kuchagua mwenyewe msimu uliopita, haina rangi. Namba ya usajili ipo. Tarehe imefutika nusu.

#6 Mgebuka

Imefutika au imefutwa?

#7 Mzee_wa_Kitalu

Mwangaluka wote, natokea Urambo. Kwenye vitalu vya tumbaku hawa bakteria ni kitu cha kueleweka, kwa hiyo neno usanii silikubali. Adui wa kitalu ni kinyausi: miche inaota vizuri, asubuhi moja shingo zimenyauka, imelala chini kwa duara. Utaratibu unaoleta matokeo ni huu.

Maji yawe ya mvua au kisima. Ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza. Gramu 10 za unga wa bilioni 1 kwa lita moja, hiyo inakupa kama milioni 10 kwa mililita. Koroga, acha nusu saa, koroga tena, chuja kwa kitambaa maana talki huziba chujio la kopo la kumwagilia. Lita 2 kwa kila mita ya mraba. Mara ya kwanza jioni ya kuamkia kusia mbegu, ya pili miche ikishaota, halafu kila siku 10 hadi 14. Daima baada ya saa kumi jioni, jua huwaua. Kumwagilia maji ya kawaida kuwe asubuhi ili uso wa tuta ukauke kabla ya usiku. Tuta likilala limeloa, hata ungemwaga bakteria wa dunia nzima kinyausi atapita.

Sasa piga hesabu ya shamba. Ekari ni kama mita za mraba 4,000. Kwa kipimo hicho ni lita 8,000 na kilo 80 za unga. Ndiyo maana watu wanafaulu kitaluni na kulia shambani. Kilichokuangusha ni wingi.

#8 Mgeni_Kibondo

Samahani, mimi niko nyuma kidogo. Bakteria si ndio wanaomaliza migomba? Sasa mnawanunua tena?

#9 Bi_Tangawizi

Mgeni, karibu. Nyuki na mbung'o wote wana mabawa. Mnyauko wa migomba ni bakteria aitwaye Xanthomonas, alionekana Kagera 2006 na tangu hapo anatembea na panga la mtu asiyelisafisha. Huyu wa kwenye pakiti haishi ndani ya mmea akiunyonya. Anakaa kwenye ngozi ya mzizi, anakula sukari inayovuja humo, na kwa kulinda sahani yake anawafukuza kuvu.

Kwa walio Buhigwe wenye tangawizi, msikimbilie Bacillus kabla ya kipimo cha glasi. Kata shina la mmea unaonyauka karibu na tunguu, lining'inize ndani ya glasi ya maji safi, tulia dakika tano. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, ni mnyauko wa bakteria, Ralstonia. Ng'oa, toa nje ya shamba, hamisha kilimo. Hakuna pakiti itakayouponya mwaka huo. Maji yakibaki safi na tunguu limekuwa laini linanuka, hiyo ni Pythium, na hapo tuta refu na mfereji vinatangulia bakteria.

#10 Hadubini

Bi_Tangawizi, asante, glasi hiyo iwe kwenye kila nyumba. Ila nyongeza ndogo: wapo Bacillus ambao huingia ndani ya mzizi pia, hawaishii kwenye ngozi. Hawaleti madhara.

Mzee_wa_Kitalu, hesabu yako ya ekari ni sahihi kwa kumwagilia udongo wote, lakini mleta mada alipaka mbegu. Tupige yake. Gramu 10 mara bilioni 1 ni bilioni 10 kwa kilo. Kilo ya maharage ya ukubwa wa kati ni kama mbegu 2,500. Kila mbegu ina milioni 4. Utafiti wa ngano na ugonjwa wa kuoza mizizi, ule ambao shamba hupona lenyewe baada ya miaka ya kupanda ngano mfululizo, umeonyesha kwamba Pseudomonas wenye kutoa kiuakuvu chao huanza kuzuia ugonjwa wakifikia kama 100,000 kwa gramu ya mzizi. Ni bakteria wengine, zao jingine, lakini inakupa picha. Milioni 4 si wachache.

Tatizo ni kwamba wamekaa kwenye mbegu, na mzizi unaondoka. Ncha ya mzizi inakimbia mbele, bakteria lazima waongezeke wakiifuata. Udongo mkavu hawasogei. Udongo wenye tindikali kali hawaongezeki. Halafu protozoa wanawala kama kuku na kumbikumbi. Kwa hiyo kosa halipo kwenye wingi wa mwanzo. Swali ni kama walisafiri.

#11 Mzee_wa_Kitalu

Nimekubali nusu. Milioni 4 ni za kwenye pakiti, siyo za kwenye mbegu. Maji ya sukari yakiwa mepesi unga unabaki kwenye beseni. Tumia sukari gramu 100 kwa lita, au uji mwembamba wa mhogo uliopoa kabisa, mililita 20 hadi 30 tu kwa kilo ya mbegu. Ukizidisha ganda la harage linavimba na kuvuka. Pakaza kivulini, kausha nusu saa juu ya turubai, panda siku hiyohiyo.

Na DAP shimoni! Mbegu imegusana na chumvi. Ingekuwa sentimita 5 pembeni na 5 chini, katikati pawe na udongo.

#12 Fundi_Molasesi

Mbona mnahangaika na bei. Pipa la lita 200, molasesi lita 10, pakiti moja ya gramu 100, funga siku 7, fungua, nyunyiza. Pakiti moja ekari nzima. Bakteria wanazaliana wenyewe, hawahitaji mahari.

#13 Hadubini

Fundi, hapo ulichozalisha ni kingine kabisa. Bacillus subtilis anapenda hewa. Pipa lililofungwa lina sukari nyingi na halina hewa, ni ufalme wa hamira na bakteria wa maziwa mgando. Siku ya tatu pH imeshuka chini ya 4, yaani tindikali kali, Bacillus waliobaki wamelala, na harufu ni ya togwa lililochacha. Ukimwaga shambani huenda ukaona majani yamechangamka kwa sababu ya potasiamu ya molasesi, ukasema dawa imefanya kazi. Ukitumia ndoo au pipa lisilo safi unaweza kuotesha hata wadudu wa kinyesi, halafu ukapiga kwenye mboga za kachumbari.

Kukuza kunawezekana, ila kunataka pampu ya hewa, chombo kilichopita kwenye mvuke wa presha, na mbegu safi ya bakteria. Hiyo ni kazi ya maabara.

#14 Fundi_Molasesi

Ile dawa ya Kijapani ya EM mbona inakuzwa na molasesi na pipa linafungwa?

#15 Hadubini

Kwa sababu EM ni mchanganyiko wa bakteria wa maziwa mgando, hamira na wengineo. Hao ndio wenyeji wa pipa lililofungwa. Mapishi ya pilau usipikie ugali.

#16 Bi_Tangawizi

Halafu wale Bacillus si ndio wanaoharibu mikate? Mkate wa joto ukikaa siku mbili, ukiumega unavutika nyuzi na harufu kama nanasi lililoiva kupita kiasi.

#17 Hadubini

Ndio haohao. Spora zinatoka kwenye unga wa ngano, zinavumilia tanuri, mkate ukipoa zinaamka. Wajapani wanachachusha soya kwa ndugu yao na kula na wali.

#18 Mgebuka

Kwa hiyo tupande mkate uliooza chini ya maharage. Tatizo limekwisha, modi funga uzi.

#19 DukaLaPembejeo

Tusiufunge. Kuna kipimo cha kujua kama pakiti ni hai. Chemsha viazi mviringo gramu 200 kwa lita ya maji, chuja, weka sukari kijiko cha chai, gawa kwenye chupa mbili zilizochemshwa. Moja tia unga nusu kijiko, nyingine usitie kitu. Funika kwa kitambaa, acha siku mbili. Ikitanda ngozi nyeupe yenye mikunjo juu ya maji, Bacillus wapo.

#20 Hadubini

Kipimo ni kizuri, kina matobo mawili. La kwanza, kiazi kinatoka udongoni na kuchemsha tu hakuui spora, ndiyo sifa yao. Bila jiko la presha, dakika 20 tangu lianze kupiga filimbi, hata chupa isiyotiwa kitu itatanda ngozi. Ikitanda, kipimo kizima kimekufa, rudia. La pili, unga una vijidudu vingine. Waondoe kwa joto. Spora zinahimili nyuzi 80 kwa dakika 10, wengi wasio na spora hawahimili.

Huna kipimajoto? Kasulu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi kwa sababu ya mwinuko. Pasha chupa ya chai kwa maji ya moto, yamwage, kisha tia vikombe 3 vya maji yanayotokota na kikombe 1 cha maji ya kawaida yenye unga. Unapata karibu 78. Funga dakika 10, poza, chota kijiko kimoja peleka kwenye supu ya kiazi.

Ukitaka na wingi, nunua sirinji za mililita 10 na chupa ndogo nane zenye mililita 9 za supu ileile, zote zimepita kwenye presha. Gramu moja kwenye ya kwanza, mililita moja ya hiyo kwenye ya pili, endelea, sirinji mpya kila hatua. Kama pakiti ina bilioni kweli, hata ya nane itachafuka. Ikiishia ya tano, una makumi elfu, siyo bilioni.

#21 Chikichi_Asilia

Mwidiwe wakuu. Mnazunguka, jibu lipo kwenye majivu. Udongo mwekundu wa miinuko ya Kigoma una tindikali. Fuzari hupenda tindikali na hupenda naitrojeni ya amonia. DAP ni amonia. Kwa hiyo chini umemlisha adui na kumtandikia, juu majivu yamepandisha pH na kumnyima raha. Bakteria hawamo kabisa kwenye habari hii, wala kwa sifa wala kwa lawama. Pima pH, na kama iko chini ya 5.5 weka chokaa kwa kiasi utakachoambiwa, mara nyingi tani 1 hadi 2 kwa hekta, wiki kadhaa kabla ya kupanda. Fosforasi chukua ya mbolea ya mwamba ya Minjingu, kwenye udongo wa tindikali inayeyuka vizuri na inakuja na kalisi yake.

Hata kwenye michikichi mnyauko wa fuzari hautibiwi kwa pakiti. Unapanda mbegu inayostahimili, basi.

#22 Mzee_wa_Kitalu

Chikichi, ushauri wa chokaa uishie hukohuko kwenye maharage, usivuke Malagarasi. Kwenye tumbaku kuna kuoza mizizi kweusi, Thielaviopsis, na yeye ni kinyume: pH ikipita 5.6 anachanua, kwenye tindikali ananyamaza. Mtu akisoma hapa akamwaga majivu kwenye kitalu cha tumbaku atalia.

Na kwa kuwa umesema bakteria hawamo: Uswisi, sehemu za Morens, kuna mashamba ambayo tumbaku haiugui Thielaviopsis hata vimelea wakiwemo. Humo ndimo alimotolewa Pseudomonas maarufu aitwaye CHA0. Mashamba jirani yenye mfinyanzi wa aina nyingine, ugonjwa unatamba. Bakteria mmoja, udongo wa aina mbili, matokeo mawili. Kwa hiyo aina ya udongo huamua kama bakteria atafanya kazi. Shamba la Ruchugi huenda ni la ule upande mbaya.

#23 Mgebuka

Wanyamwezi mmeanza. Tunaongelea maharage, mnatuletea Uswisi. Leteni asali tu.

#24 Hadubini

Hapana, mwache, amefungua mlango. Chikichi anasema majivu yamefanya kazi bila bakteria. Kuna njia nyingine ya kulisoma tukio hilohilo.

Kuvu wa fuzari anahitaji chuma ili spora yake iote. Pseudomonas wa udongoni hutoa kemikali ya kunasa chuma, ile inayong'aa kijani-njano kwenye taa ya urujuanimno, na kukibeba nyumbani kwao. Kwenye tindikali chuma kinayeyuka kwa wingi, kila mtu anashiba, mtego hauna maana. pH ikipanda chuma kinakuwa adimu, na hapo mwenye mtego bora ndiye anayekula. Kuna majaribio ambayo kinga hii iliondoka mara tu chuma kinachoyeyuka kilipoongezwa kwenye udongo. Kwa hiyo mistari mitatu ya juu huenda imelindwa na bakteria kweli, ila wenyeji, ambao hawakununuliwa. Ndiyo maana kupaka na kutopaka hakukuleta tofauti.

#25 Chikichi_Asilia

Hiyo hadithi nzuri, lakini huwezi kuitofautisha na yangu kwa macho. Zote mbili zinasema pH.

#26 Hadubini

Kwa macho sawa, huwezi. Nimekubali.

#27 Kalinzi_Kahawa

Mimi sikubaliani na wote wawili. Mistari ya juu iko JUU. Someni posti ya kwanza: mteremko. Maji yanashuka, chini yanatuama. Kuoza mizizi ni ugonjwa wa maji kabla ya kuwa ugonjwa wa kuvu. Chimba shimo la sentimita 40 juu na jingine chini saa sita baada ya mvua kubwa, tazama lipi lina maji. Tuta la sentimita 20 lingefanya zaidi ya pakiti zote mlizotaja.

Na majivu yana potasiamu. Harage lenye njaa ya potasiamu huungua kingo za majani ya chini, likawa na rangi ya njano inayofanana na ya mizizi kuoza. Majivu hayana naitrojeni, kwa hiyo msiniambie ukijani ni wa mbolea ya majani.

Upande wa kahawa huku Bacillus wa kupiga majanini dhidi ya kutu ni kazi ya kurudia: mvua ikinyesha imeoshwa. Anafaa kuzuia kabla madoa hayajaonekana. Akija nyuma ya ugonjwa ni kuosha vyombo baada ya wageni kuondoka.

#28 DukaLaPembejeo

Kuna mshukiwa ambaye hakuna aliyemtaja na kila mwaka anasingizia wengine. Inzi wa maharage. Anataga kwenye jani changa, funza anateremka ndani ya shina hadi shingoni. Mche unakuwa njano, unadumaa, shingo inavimba na kupasuka, kisha kuvu wanaingia kwenye mpasuko na wewe unaona kuoza. Chana ngozi ya shina usawa wa udongo kwa wembe, tafuta pupa wa kahawia au mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele. Ukimkuta, hakuna bakteria wa ukungu atakayekusaidia. Ilitakiwa dawa ya wadudu kwenye mbegu, na sasa kilichobaki ni kupandishia udongo shingoni ili mche utoe mizizi mipya juu ya jeraha.

#29 Mgeni_Kibondo

Kupandishia udongo kiasi gani?

#30 DukaLaPembejeo

Sentimita 5 hadi 7, mpaka chini kidogo ya majani ya kwanza, udongo ukiwa na unyevu siyo tope. Kama ni Sclerotium usifanye hivyo, unamfunika blanketi.

#31 Chikichi_Asilia

Nje ya mada kidogo: kuna wanaouliza kuhusu bakteria Pseudomonas aeruginosa na Burkholderia dhidi ya Ganoderma, kuvu anayeozesha michikichi, kwa sababu wamesoma tafiti za Malaysia. Tafiti zipo. Ila hao wawili wanaweza kumshambulia binadamu mwenye kinga dhaifu au mapafu mabovu. Usimkubali mtu anayekuuzia kwenye chupa ya soda bila lebo.

#32 Ruchugi_Juu

Nimerudi na majibu, na yamezidi kunichanganya.

Miche imechimbuliwa kwa jembe, chini, katikati na juu, ikaoshwa. Chini: mingi ina mistari myekundu, michache ni laini, ngozi inavuka. Katikati: mistari myekundu, na baadhi ina pupa chini ya ngozi kama alivyosema Duka. Juu kwenye majivu: mistari myekundu IPO, mifupi, lakini mizizi ya pembeni imejaa na vinundu vina rangi ya waridi ndani. Pupa wapo pia, wachache. Ilipopakwa na isipopakwa bado sioni tofauti, isipokuwa katikati, ambako iliyopakwa ina mizizi ya pembeni mingi kidogo. Kidogo sana, naweza kuwa najidanganya.

Mashimo mawili ya Kalinzi: la chini lilikuwa na maji, la juu kavu. Kipimo cha pH bado. Chupa za viazi ziko juu ya kabati, jiko la presha limeazimwa kwa jirani.

#33 Kalinzi_Kahawa

La juu kavu. Nimemaliza.

#34 Chikichi_Asilia

Hujamaliza. Pa katikati je? Wewe mwenyewe ulisema maji hutuama chini, na bado pameoza.

#35 Hadubini

Na mistari myekundu juu ipo. Maana yake fuzari yupo kila mahali, tofauti ni kwamba juu mmea unatoa mizizi haraka kuliko inavyooza. Inaweza kuwa pH, potasiamu, kalisi, wenyeji wangu wa kunasa chuma, au maji. Hilo la katikati lisidharauliwe: penye ugonjwa wa wastani ndipo bakteria wa pakiti huonekana. Ugonjwa ukiwa mkali wanazidiwa, ukiwa mdogo hawana cha kuonyesha.

Msimu ujao weka vipande vinne mahali pamoja, kwenye usawa mmoja wa mteremko: majivu na bakteria, majivu bila bakteria, bakteria bila majivu, na kitupu. Rudia kila kimoja mara nne, kwa kupiga kura mahali pa kukaa. Mita 3 kwa 3 inatosha. Pima uzito wa mizizi iliyooshwa wiki ya tano, acha kutazama majani.

#36 Mzee_wa_Kitalu

Ongeza cha tano: udongo wa mistari ya juu uliokaangwa kwenye sufuria nusu saa, ukapoa, ukatiwa kwenye mashimo machache ya chini, dhidi ya udongo huohuo mbichi. Mbichi ukikinga na uliokaangwa usikinge, Hadubini kashinda, ni viumbe. Vyote vikikinga, Chikichi kashinda.

#37 Kalinzi_Kahawa

Na vyote visipokinga?

#38 Mzee_wa_Kitalu

Basi uchimbe mfereji, umeshinda wewe.

#39 Mgebuka

Sufuria ya nani?

#40 Ruchugi_Juu

Ya jirani. Nitaichukua pamoja na jiko la presha.